Unene wa Kokuberwa

Kambi ya Mkonge, Korogwe
6 Septemba 1987

Dada Alistidia,

Shikamoo. Huku kwetu tunahesabiwa kila asubuhi kabla ya kazi, na leo nimehesabiwa, kwa hiyo nipo. Mwiba wa mkonge ulinichoma kiganja kikavimba, sasa kimepona, na mwandiko huu ni mbaya kidogo tu kuliko ule wa siku zote. Msalimie baba mdogo Rwegasira. Mwambie habari za mpaka wa kibanja asiniletee mimi niliye mbali, ampelekee huyo jirani anayegombana naye.

Nimefurahi kusikia mtoto anakua. Mmemwita Immakulata bila kuniuliza, lakini ni jina zuri, na hata mngeniuliza barua ingefika mtoto ameshaanza kutembea.

Sasa jambo lenyewe. Wewe ulifika darasa la nane kwa masista, mimi niliishia la tano, kwa hiyo naomba usinizungushe na maneno. Ishengoma, huyu jirani yetu wa Kishanda ninayekata naye mkonge, amepata barua kutoka kwao. Inasema mke wangu Kokuberwa tangu ajifungue hayuko sawa. Haikuongeza neno. Siku hizi watu wa Muleba wakiandika "hayuko sawa" wanakuachia nafasi uijaze mwenyewe, nami nimeijaza. Hapa kambini tumezika watu watatu tangu Juni, na wote walianza kwa kukonda. Mwaka wa 79 nilibeba masanduku ya risasi kichwani mpaka Masaka, na sikuogopa kama ninavyoogopa bahasha siku hizi.

Nataka jibu moja: amekonda, au hajakonda?

Mdogo wako,
Datius


Kishanda, Muleba
11 Oktoba 1987

Mdogo wangu Datius,

Marahaba. Wazima ni wengi kuliko wagonjwa, na kwa mwaka huu hiyo ni habari njema. Jumamosi tulizika wawili, asubuhi mmoja na mchana mmoja, padri akala katikati. Kahawa tumeanika. Baba mdogo Rwegasira anasema mpaka ni wa ukoo wote, kwa hiyo ni wako pia, na anakusalimu.

Amekonda? Waitu, Datius! Nilisoma swali lako kwa sauti, wanawake waliokuwa ukumbini wakacheka mpaka mtoto akaamka. Mwambie huyo aliyemwandikia Ishengoma aje atazame. Mke wako ananenepa kila siku kama mtu anayepimwa kwenye mzani. Viatu vya harusi haviingii tena. Pete ya ndoa tuliitoa kwa sabuni, na bado ilikataa nusu saa nzima. Mashavu yamejaa, na tumbo halijarudi, utadhani kuna mwingine ndani. Watu wanatoka hata Kimwani kuja kumwona, kwa sababu siku hizi mwanamke mnene ni kitu cha kwenda kutazama. Wananiuliza namlisha nini. Namlisha ndizi, uji, na sangara wa chumvi ninaoletewa na Maige, yule Msukuma mchuuzi wa samaki wa visiwani. Mzazi wetu hashiki jembe wala ndoo.

Kosa lake ni uvivu kidogo. Kutoka kitandani mpaka jikoni anapumzika mara mbili. Kulala chali hataki, anataka mito mitatu nyuma ya mgongo akae kama malkia. Ana kikohozi, lakini ni cha vumbi. Nilimtania, "Wifi, unene umekuwa mzigo?" Akanijibu, "Dada, ungeubeba wewe kidogo nipumzike."

Basi lala usingizi. Na wewe mwenyewe, likizo yako ya mwaka iko wapi?

Dada yako,
Alistidia


Kambi ya Mkonge, Korogwe
15 Novemba 1987

Dada Alistidia,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne, na ile sehemu ya pete mara sita. Jumapili niliwasomea wenzangu. Mzee mmoja wa Kigoma alisema, "Mwenzetu ana mke wa enzi za amani." Tangu siku hiyo wananiita Bwana Mnene, ingawa jina lenyewe kwangu halikai vizuri.

Msimzuie kula. Akitaka samaki wawili apewe watatu. Na msimpe kazi, hiyo mito akae nayo. Nimeanza kutafuta mtu wa kumpelekea viatu vipana.

Likizo tutaona.

Datius


Kishanda, Muleba
8 Desemba 1987

Mdogo wangu,

Mtoto yuko salama, naanza na hilo. Sisi wengine tunasalimu. Barua yako ya viatu imefika jana, nami nilikuwa nimetoka hospitali, sijui nilie au nicheke.

Kokuberwa alianguka kanisani Jumapili ya kwanza ya Majilio, wakati wa kusimama kwa Injili. Hakuinuka. Midomo ilikuwa ya bluu kama mtu aliyekula zambarau. Vijana walimbeba kwa machela mpaka barabarani, tukapata lori, tukafika hospitali ya misheni. Daktari ni mwanamke, mfupi, haongei sana. Alimkalisha, akamtazama shingo muda mrefu, akambonyeza tumbo chini ya mbavu, akambonyeza mguu kwa kidole. Datius, kile kidole kiliacha shimo, na shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa.

Akaniuliza, "Amevimba tangu lini?"

Nikamjibu kwa maringo, "Hajavimba, daktari. Amenenepa. Namlisha mimi."

"Unamlisha nini?"

Nikamwambia. Nilipofika kwenye sangara wa chumvi alifumba macho.

Akasema, "Mama, huu si unene, ni maji. Mwili wote umejaa maji. Moyo wake umechoka kwa sababu ya uzazi. Ugonjwa huu huwapata wanawake wachache, mwisho wa mimba au miezi ya kwanza baada ya kujifungua, na wengi wetu tunachelewa kuwaona."

Nikamwomba anifafanulie niweze kukuandikia. Akasema moyo ni kama wapasuaji mbao wawili kwenye msumeno mmoja. Wa kushoto anasukuma damu mwili mzima, wa kulia anaipeleka mapafuni. Huu ugonjwa humchosha zaidi wa kushoto. Yeye akichoka, damu inarudi mapafuni, mtu anakosa pumzi, anataka mito. Wa kulia akijikaza, mgonjwa ana nafasi nzuri. Lakini wa kulia naye akilegea ndipo mishipa ya shingo inasimama, ini linavimba, miguu na tumbo vinajaa. Nikamuuliza, "Wa kwetu?" Akasema, "Wote wawili wamekaa chini." Nikamuuliza kama atapona. Akasema hawezi kuniahidi. Waliomfikia wakiwa na upande wa kulia mzima wengi wamerudi nyumbani. Waliofika kama Kokuberwa, baadhi wamerudi. Uvimbe ukishuka na mishipa ya shingo ikalala ndani ya miezi sita, atakuwa na maneno mazuri zaidi.

Amempa vidonge vya kukojoa na vidonge vya moyo. Chumvi ni marufuku. Na mimba nyingine ni marufuku kabisa, alirudia mara mbili: moyo wa namna hii ukibebeshwa mimba ya pili unaweza usiinuke tena.

Mimi niliyekuwa nikisifiwa kwa kumnenepesha, kumbe nilikuwa nikimjaza maji na kumtia chumvi asiyatoe. Nimekwenda kuungama. Padri amesema si dhambi. Ningependa ingekuwa dhambi, ningepewa kitubio nikamaliza.

Njoo, Datius. Ni mke wako.

Alistidia


Kambi ya Mkonge, Korogwe
17 Januari 1988

Dada,

Shikamoo. Krismasi ilipita, tulipewa nyama. Poleni kwa kumbeba.

Nitakuambia ukweli, hata kama utanichukia. Nilipomaliza kusoma barua yako nilicheka kwa furaha. Ishengoma akaniuliza, "Habari njema?" Nikamwambia, "Njema sana. Mke wangu ana ugonjwa wa moyo." Akanitazama, akafikiri, halafu akanipa mkono wa pongezi. Ndiyo miaka tuliyomo. Usiku wote niliwaza kwamba kama atakufa, basi hatakufa kwa kitu nilichomletea mimi. Asubuhi niliona aibu, nikaenda kukata mkonge.

Kuhusu wale wapasuaji mbao, nimeelewa vizuri kuliko daktari mwenyewe, maana nimeshika msumeno ule miaka miwili. Mwenzako akichoka humwachii msumeno. Unavuta wa kwako na wa kwake mpaka na wewe unaona nyota. Kwa hiyo huyo wa kulia simlaumu. Nilimuuliza mganga wa zahanati yetu ya kambi kuhusu upande wa kulia wa moyo. Akaniuliza, "Kulia kwake, au kulia kwa anayemtazama?" Nikaona nimwache na aspirini zake.

Mpe vidonge kwa saa. Mfiche chumvi. Amepimwa na damu? Uliza, ila uulize kwa upole.

Kuhusu kuja, kazi ni nyingi.

Datius


Kishanda, Muleba
21 Februari 1988

Mdogo wangu Datius,

Immakulata ana meno mawili, anamuuma mama yake. Baba mdogo anakohoa, lakini anasema cha kwake ndicho cha vumbi. Mvua za mwezi huu zimeharakisha maharage.

Vidonge vinafanya kazi mpaka naogopa. Wiki ya kwanza mke wako alikuwa anakwenda nje kila mara kama anayekimbizwa. Maji yakatoka, yakatoka, na kumbe chini ya maji hakukuwa na kitu. Amebaki shingo, mifupa ya mabega na macho. Umebaki mto mmoja. Juzi alikwenda kisimani akarudi na ndoo nusu bila kupumzika, nikapiga vigelegele peke yangu.

Peke yangu, maana wageni wamekwisha. Wale waliotoka Kimwani kutazama unene sasa wanapita barabara ya juu. Alipokuwa anakufa walikuwa wanampongeza. Sasa anapona, wananipa pole. Mwanamke mmoja aliniambia kwa upendo, "Alistidia, kikombe chake mtenge." Baba mdogo ameitisha kikao cha ukoo, akashauri arudishwe kwao mapema, "wakati bado anaweza kutembea mwenyewe." Nikamwonyesha karatasi ya hospitali. Damu yake imepimwa Bukoba na ni safi, hana huo ugonjwa wa kukonda. Akaishika kichwa chini miguu juu, akasema, "Karatasi haikondi, mwanangu. Mtu ndiye anayekonda."

Ishengoma amefika likizo. Alikuja kutusalimu, akakaa karibu na mlango, akakataa pombe ya rubisi, yeye ambaye hajawahi kukataa rubisi. Alinieleza habari za huko kambini. Nyingine sikuzipenda, nimemwachia mwenyewe. Unasema kazi ni nyingi. Yeye si anakata mkonge uleule?

Alistidia


Kambi ya Mkonge, Korogwe
20 Machi 1988

Alistidia,

Barua yako haijafika. Ishengoma amefika.

Amesema mbele ya watu kwamba mke wangu amekwisha, ni mti uliovishwa gauni. Nilikaa chini kwenye majani niliyokwisha kuyakata. Umenidanganya kwa habari za moyo. Umetunga wapasuaji mbao ukijua nitawapenda. Au kama ni kweli, basi hivyo vidonge ndivyo vinavyommaliza, mtu mnene wa Oktoba hawezi kuwa kijiti Februari bila kunyweshwa kitu.

Naagiza kama mume. Visimamishwe vidonge leo. Apewe samaki, na chumvi, na kila alichokuwa anakula alipokuwa mtu. Msipofanya hivyo mtanieleza kwa nini.

Datius


Kishanda, Muleba
24 Aprili 1988

Datius,

Salamu utazipata mwisho, leo sina subira nazo.

Agizo lako lilifika Jumatano Kuu. Nililisoma, nikamsomea na Kokuberwa. Nilijua ni ujinga. Lakini wewe ndiye mume, mimi ni dada wa mume, na ukoo mzima ulikuwa upande wako. Nilichoka kupigana peke yangu. Nikachukua vidonge nikavifungia kabatini. Nikamwita Maige, nikanunua sangara wa chumvi. Ndivyo nilivyofanya, na sitajitetea.

Wiki ya kwanza haikupita, mke wako akaanza kunenepa. Kiuno kikajaa, mabega yakajaa. Wageni wakarudi! Yule wa kikombe alileta mayai. Baba mdogo Rwegasira akawa anapita kila siku, anakaa, anamtazama, anasema, "Mnaona? Samaki." Mimi mchana nilifurahi na usiku niliogopa, maana kidole cha yule daktari nilikuwa sijakisahau. Lakini kila nilipotaka kumbonyeza mguu, alikuwa amevaa soksi, anasema ana baridi.

Siku ya kliniki ilipofika nilimpeleka nikiwa natembea kama anayekwenda kuhukumiwa. Daktari akamwambia avue apimwe. Akavua sweta. Akavua gauni. Chini yake gauni jingine. Chini ya hilo, la harusi. Chini ya la harusi alikuwa amejifunga kanga mbili tumboni. Muuguzi alitoka nje akacheka. Kokuberwa akabaki pale, mwembamba kama tulivyomwacha, akaniambia, "Wifi, mlitaka mnene nikawapa mnene. Mimi nilikuwa nataka pumzi."

Vidonge alikuwa amechota nusu ya mkebe kabla sijaufunga, akavificha kwenye nepi za mtoto, mahali ambapo hakuna mwanaume wa ukoo wetu aliyewahi kutia mkono. Samaki wote alikuwa akimpa baba mdogo. Kumbe mzee alikuwa akimsifu mpishi.

Nilikaa chini sakafuni nikalia mbele ya daktari. Aliniacha nimalize.

Halafu akampima. Mishipa ya shingo imelala. Ini limerudi chini ya mbavu. Mguu haushiki shimo. Kwenye picha ya kifua moyo umepungua ukubwa, ingawa bado si mdogo. Nikamuuliza habari za wapasuaji mbao. Akasema wa kulia ameinuka, anafanya kazi yake yote, na ndilo jambo alilokuwa analingojea. Wa kushoto ameshika msumeno tena, anavuta polepole, atahitaji dawa muda mrefu. Nikamwomba neno moja kama ulivyoniomba wewe. Akasema, "Nadhani ataishi." Kisha akaongeza, "Asipobeba mimba." Hataki mimba kabisa. Anataka mume aje asikie kwa masikio yake, kwa sababu wanawake wakienda kusema wenyewe nyumbani hawaaminiwi.

Sasa nisikilize. Ishengoma alipokuwa hapa alinieleza habari zako pia. Alisema umekonda, kwamba suruali zinakuanguka. Sikumjibu, na sikumwambia Kokuberwa. Najua macho ya Ishengoma yana thamani gani, tumeyaona kazini. Lakini nimekuuliza mara tatu kwa nini huji, na kila ulipojibu umenijibu kama karani.

Sitakuuliza ya nne. Hapa una nyumba.

Tunakusalimu sote.
Alistidia


Kambi ya Mkonge, Korogwe
5 Juni 1988

Dada yangu Alistidia,

Shikamoo. Barua ya Februari ilifika wiki moja baada ya mimi kupeleka ile ya ujinga. Nilikwenda posta kuuliza kama barua inaweza kurudishwa. Karani akaniuliza kama nimelewa. Tangu siku hiyo mpaka barua yako ya Aprili nimeishi kama mtu aliyeua akangojea kuambiwa jina la marehemu. Mwambie Kokuberwa kwamba mume wake alimwagizia kifo kwa stempu na yeye akakikataa kwa magauni matatu. Mwambie namshukuru. Sijui neno kubwa zaidi, niliishia la tano.

Ishengoma alisema kweli. Nimekonda tangu Pasaka ya mwaka jana, mwanzo polepole. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa ugali wa kambi. Inaweza kuwa mwanamke mmoja muuza pombe hapa niliyekuwa nalala kwake miezi mitatu, naye alifariki Agosti. Sijapimwa. Habari za Kokuberwa, aliyekonda na kudhaniwa vibaya, zilinitia tumaini kidogo. Ila yeye ana karatasi na mimi sina.

Hukuniuliza mara ya nne, kwa hiyo najibu. Mke wangu ni safi, na nilikuja likizo ya mwisho kabla ya yule mwanamke, ingawa kwa hofu hata tarehe sikuziamini. Mwanaume akirudi nyumbani baada ya karibu miaka miwili, akatandikiwa chumba cha peke yake, ukoo utauliza siku ya pili, na kijiji siku ya tatu. Jibu sikuwa nalo. Kulala naye sikuthubutu, na kusema sikuweza. Basi nikaandika kwamba kazi ni nyingi.

Sasa daktari wenu amenikataza kumgusa, bila kunijua, kwa sababu isiyo yangu. Katika maisha yangu yote hakuna mkubwa aliyenipa amri nzuri kama hiyo.

Nimeomba ruhusa, nimepewa. Nitapanda meli Mwanza mwishoni mwa mwezi. Nikifika nitakwenda kwanza hospitali nikamsikilize, na nikiwa pale nitatoa mkono nichukuliwe damu. Kokuberwa nitamweleza mwenyewe, yote, kabla hajanipa maji ya kunywa. Akitaka nirudi Korogwe nitarudi.

Akisema nikae, nitandikieni chumba cha mbele. Baba mdogo Rwegasira atauliza ni ndoa ya namna gani hiyo, mtu na mke wake vyumba viwili. Mwambieni ni moyo.

Mdogo wako,
Datius